Ushahidi wa kesi za ubakaji unafia njiani: PF3, sampuli na safari ya kwenda kwa Mkemia Mkuu

#1 Tabibu_Kijijini

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni afisa tabibu kwenye hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Sehemu ya kazi yangu ni kujaza PF3 za watu waliobakwa na watoto waliolawitiwa, kisha kwenda kusimama kizimbani kuzitolea ushahidi. Huku mtaani kesi ya ubakaji ikianguka utasikia "binti alikuwa anasingizia". Nilizozifuatilia mimi nyingi ziliangukia kwenye makabidhiano: nguo, sampuli na karatasi vimepita kwa watu wanne watano, na hakuna mahali palipoandikwa nani alimpa nani, lini.

Nianze na PF3 yenyewe. Ni fomu namba tatu ya polisi, inatolewa kituoni bure. Mgonjwa anakuja nayo hospitali, tunajaza tulichokiona, tunasaini, tunagonga muhuri, inarudi polisi. Watu wameipa ukubwa usio wake. Ndugu wanahangaika nayo usiku kucha, na wapo watoa huduma wanaomrudisha mtoto mlangoni eti akalete PF3 kwanza. Jamani, hii haikubaliki. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, mwisho wake ni saa 72 tangu tukio, na ikianza mapema ndiyo inafanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba mwisho ni siku 5. Saa hizo zinakimbia wakati ndugu wako kwenye benchi la kituo wanasubiri afande mwenye mhuri arudi. Mtibu kwanza, andika kila ulichokiona kwenye faili lake, PF3 ikija utaijaza kutoka humo.

Mahakamani napo PF3 haina nguvu ambayo watu wanadhani inayo. Mahakama ya Rufani ilishaeleza kwenye Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, TLR (vitabu vya hukumu za Tanzania) ya 2006 ukurasa wa 379, kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa: aeleze kwamba aliingiliwa, na kama ni mtu mzima aeleze kwamba hakuridhia. Ripoti ya daktari inaweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo lilifanyika. Kuridhia au kutoridhia hakuonekani kwenye kitanda changu cha uchunguzi. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha kukamilisha kosa, kwa hiyo nikiandika "hakuna michubuko" sijasema kwamba hakuna kilichotokea. Mawakili wa utetezi hupenda kunisomea mstari huo kwa sauti ya ushindi.

Sasa nguo. Hapa ndipo roho inaniuma.

Kuna sketi ya shule ililetwa kwetu na askari ikiwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ilikuwa imekusanywa ikiwa mbichi. Ilikaa chini ya meza ya kituo kwa siku kadhaa kwa sababu gari halikuwa na mafuta. Tulipofungua, harufu ya ukungu ilijaa chumba, kitambaa kimeota madoa ya kijani na meusi. Nguo yenye majimaji ya mwili ukiifungia kwenye nailoni, unyevu haupati pa kutokea, bakteria na ukungu wanaharibu vinasaba. Kilichotakiwa ni kuianika kwenye kivuli ikauke, kila nguo peke yake, kuiweka kwenye bahasha ya kaki au hata gazeti safi, kuifunga, kusaini juu ya mfungo, kuandika tarehe na saa. Bahasha ya kaki inauzwa stationery yoyote. Kesi ile ilikuwa na mtuhumiwa aliyekana katakata, na sketi ile ndiyo ingeweza kusema.

Sampuli zinazochukuliwa mwilini ni vivyo hivyo. Zikauke hewani, ziwekwe kwenye kasha lake, zihifadhiwe kwenye baridi, ziende maabara. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi za kanda: Mwanza, Arusha, Mbeya, Mtwara, Dodoma, mbali na Dar. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009, Sheria ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu tunayo tangu 2016. Tatizo liko kwenye kipande cha barabara kati ya friji yangu na kaunta ya Mkemia. Nikishamkabidhi askari sampuli, hakuna anayerudi kuniambia ilifika. Mama wa mtoto ananiuliza mimi, mimi namuuliza mpelelezi, mpelelezi kahamishwa wilaya.

Hoja yangu ninayotaka tuijadili ni hii: kanuni zitaje siku. Polisi achukue sampuli hospitali ndani ya siku kadhaa zilizoandikwa, aifikishe maabara ndani ya siku kadhaa, maabara itoe majibu ndani ya muda uliotajwa, na mwathirika apewe namba ya kufuatilia. Kila kiungo kiwe na jina la mtu.

Naomba kuwasilisha.

#2 Mdau_wa_Rufiji

Mkuu umegusa penyewe. Swali: huku kwetu cha kwanza wanachouliza ni kama bikira ipo au haipo. Ndugu wakiambiwa ipo wanarudi nyumbani wakishukuru Mungu, kesi imeisha. Hili limekaaje kitaalamu?

#3 Tabibu_Kijijini

Asante kwa kuuliza mkuu, maana hili limeua kesi nyingi.

Bikira haithibitishi chochote. Kuna mabinti wamezaliwa nayo ikiwa ndogo sana, kuna wanaoingiliwa na ikabaki vilevile, na kwa mtoto aliyebalehe ile ngozi inavutika. Jeraha dogo sehemu hizo hupona ndani ya siku chache bila kuacha kovu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka kipimo cha bikira kikomeshwe duniani kote kwa kuwa hakina msingi wa kisayansi na kinamuumiza mtu mara ya pili. Mahakama ya Juu ya India nayo mwaka 2022 ilipiga marufuku uchunguzi wa vidole viwili kwa waliobakwa.

Hata hivyo bado naona PF3 imeandikwa neno moja tu, "bikira haipo", na sahihi. Hiyo haimsaidii hakimu. Andika ulichokiona: jeraha liko wapi, ukubwa gani, rangi gani, mgonjwa alisema nini kwa maneno yake, alikuwa katika hali gani, umechukua sampuli zipi na umezikabidhi kwa nani. Na kwa watoto wa kiume, tafadhali, nao wachunguzwe kwa uzito uleule. Wanaletwa wamechelewa sana kwa sababu ya aibu ya baba.

#4 Wakili_Chipukizi

Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya ila uzi huu umenilazimisha kuingia. Niongeze upande wa mahakamani, maana hata sampuli ikifika salama, inaweza kufia mbele ya hakimu.

Kwanza, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za Toleo la 2019. Ripoti ya daktari ikipokelewa bila daktari kuwepo, mahakama inatakiwa imwambie mshitakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali. Hakimu asipomwambia, rufani ikifika juu PF3 inaondolewa kwenye kumbukumbu. Pili, kielelezo chochote cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti ili mshitakiwa ajue kimebeba nini. Msingi wake ni Robinson Mwanjisi na wenzake dhidi ya Jamhuri, TLR ya 2003 ukurasa wa 218. Nimesoma hukumu nyingi za rufani ambamo PF3 imefutwa kwa kosa hili la kutosomwa tu. Mwendesha mashtaka anasema "naomba ipokelewe", hakimu anaandika "imepokelewa kama kielelezo P1", wanasonga mbele. Miaka inapita, mtu yuko Mahakama ya Rufani, karatasi inafutwa.

Ila watu wasikate tamaa hapo. PF3 ikifutwa, maneno ya daktari aliyesimama kizimbani yanabaki, na ushahidi wa mwathirika unabaki. Kifungu cha 127(6) cha Sheria ya Ushahidi, nacho kwa namba za Toleo la 2019, kinaruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli tupu. Ndiyo maana nawaambia ndugu wa wateja wangu: msihangaike na karatasi mkasahau kumwandaa mtoto kueleza kilichompata kwa maneno yake mwenyewe, bila kukaririshwa. Akikaririshwa inaonekana.

Kuhusu makabidhiano aliyoyataja Tabibu, kesi mama ni Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa namba 110 ya 2007. Mahakama ya Rufani ilitaka kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa muda: nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, kilihamishwa vipi, kilichunguzwa wapi, kikaishia wapi. Baadaye kwenye Joseph Leonard Manyota, rufaa namba 485 ya 2015, ikalegeza kwa vitu visivyobadilishika kirahisi. Jino la tembo huwezi kulibadilisha ukiwa njiani. Sampuli ya majimaji kwenye kasha dogo inabadilishika, inaharibika, inachanganyika na nyingine. Kwa hiyo hapa usitegemee huruma ya Manyota.

#5 Kaka_Mkubwa_Tbr

Naomba niseme kitu ambacho hakitapendwa. Mdogo wangu alikaa mahabusu zaidi ya mwaka kwa kesi ya kumpa mimba mwanafunzi. Alikuwa anakana tangu siku ya kwanza. Tuliomba DNA mara ya kwanza, ya pili, tunaambiwa subirini. Ninyi mnaongea kama kila anayeshitakiwa ametenda. Neno la mtu mmoja linatosha kumfunga mwingine miaka 30? Hilo linanitisha.

#6 Wakili_Chipukizi

Kaka_Mkubwa_Tbr pole sana. Hoja yako inaunga mkono uzi huu kuliko unavyofikiri.

Neno la mwathirika halipokelewi kama msahafu. Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi kwenye Mohamed Said dhidi ya Jamhuri, rufaa namba 145 ya 2017: ushahidi wake lazima upimwe ukweli wake kama wa shahidi mwingine yeyote. Kuchelewa kutaja jina la mtuhumiwa, kujipinga, mazingira yasiyowezekana, yote yanaangaliwa.

Kwenye kosa la kumpa mimba mwanafunzi, kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kilichoingizwa 2016, swali kuu ni nani baba. Pale kipimo cha vinasaba kina uzito mkubwa sana, na mtoto akishazaliwa sampuli haipotei, ipo mwilini mwake. Mdogo wako alikuwa na kila sababu ya kuidai, na mngeomba mahakamani kwa maandishi ili ombi liwe kwenye kumbukumbu. Ubakaji ni tofauti: mimba au vinasaba si sehemu ya kosa, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumwachii mtu moja kwa moja. Lakini sampuli ikiwepo, ikatunzwa vizuri, ikapimwa kwa wakati, inaweza kumtoa asiyehusika ndani ya wiki chache badala ya kuozea mahabusu.

#7 Kaka_Mkubwa_Tbr

Nimekuelewa. Hapo kwenye muda ndipo tulipoumia. Hakuna aliyekuwa na deni la kutujibu lini. Naunga mkono siku zitajwe.

#8 BintiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu zangu wa Tanzania, ngojeni niwaeleze ya huku.

Sisi tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hospitali inajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, nakala tatu. Moja yaenda polisi pamoja na sampuli, moja apewa manusura, moja yabaki hospitali. P3 ya polisi huja baadaye na hujazwa kwa kutazama ile PRC. Faida yake ni kwamba hata polisi wakipoteza karatasi, mwenyewe yuko na nakala yake nyumbani na hospitali iko na nyingine. Hiyo nakala ya manusura mimi naiona ni jambo kubwa, na ningependa nanyi mulidai.

Kifungu cha 36 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa atoe sampuli za kupimwa DNA. Watu walijaribu kusema bila DNA hakuna hatia. Mahakama ya Rufaa ikikaa Malindi, kwenye kesi ya Robert Mutungi Muumbi ya 2015, ikasema kifungu hicho hakikuandikwa kwa lugha ya lazima. Na kabla yake, kwenye Kassim Ali hapa hapa Mombasa, ilishasema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuamui kesi. Ubakaji waweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyebakwa au kwa mazingira.

Lakini sheria nzuri bila askari wa kuitekeleza haimfikishi mtu popote. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru, mbele ya Jaji Makau, iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kupuuza kupeleleza malalamiko yao. Kesi ile ilitaja polisi kama wenye kosa, si wabakaji pekee. Serikali ikaamriwa ipeleleze upya, inavyotakiwa. Nafikiri njia hiyo nanyi yawezekana: kumshtaki anayekalia ushahidi.

#9 Tabibu_Kijijini

BintiMvita umenipa kitu. Nakala ya mwenyewe. Huku mama anaondoka kwangu mikono mitupu, PF3 inabebwa na askari. Nimeanza kuwaandikia muhtasari wenye muhuri kwenye karatasi ya kliniki: tarehe, saa, dawa alizopewa, sampuli zilizochukuliwa, jina la aliyekabidhiwa. Haina jina rasmi lakini imeshamsaidia mmoja kumbana mpelelezi.

#10 Houston_Mtz

Niko Texas, nafanya kazi hospitali. Wazungu nao wamelala usingizi huu huu, tena kwa miaka mingi wakiwa na hela na maabara. Mwaka 2009 waendesha mashtaka wa Detroit walikuta ghala la polisi lina vifurushi zaidi ya 11,000 vya ushahidi wa ubakaji, vimerundikwa kwenye rafu bila kupimwa. Kila kifurushi ni mwanamke aliyekaa saa kadhaa akichunguzwa mwili mzima, akiamini kuna mtu atakifungua.

Huku Texas kuna mama anaitwa Lavinia Masters. Alibakwa Dallas mwaka 1985 akiwa na miaka 13. Kifurushi chake kilikaa miaka 20 ndipo kikapimwa. Mbakaji akajulikana, tayari yuko jela kwa makosa mengine, lakini muda wa kisheria wa kumshitaki kwa hilo ulikuwa umekwisha. Sheria iliyopitishwa hapa 2019 imepewa jina lake. Sheria ya 2011 ilikuwa imeshawapa polisi siku 30 kufikisha kifurushi maabara; hii ya 2019 ikaongeza kwamba maabara imalize ndani ya siku 90. Kifurushi kina namba, na mwenyewe anaweza kuingia mtandaoni kuona kimefika wapi. Idaho walitangulia kuweka mfumo kama huo wa jimbo zima mwaka 2016.

Nyingine ya kujifunza ni sheria ya taifa ya 2016 ya haki za manusura, aliyoisaini Obama. Kwenye kesi za shirikisho kifurushi kitunzwe hadi miaka 20 au mpaka muda wa kushitaki uishe, lolote litakalotangulia, na mwenyewe akiomba kwa maandishi aarifiwe siku 60 kabla hakijaharibiwa. Kwa hiyo Tabibu, unachokiomba kimeshaandikwa kwenye vitabu vya sheria mahali pengine. Uombe kwa kujiamini.

#11 Unguja_Ukuu

Huku Zanzibar tunaita udhalilishaji, na sheria zetu za jinai ni zetu, si hizo za Bara. Tangu 2021 tuna mahakama maalum za udhalilishaji. Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo Mnazi Mmoja: daktari, polisi na ustawi wa jamii jengo moja, mtoto hasimulii mara nne kwa watu wanne. Hilo limepunguza sana ile safari ya bahasha kutoka mkono kwa mkono. Kinachotusumbua ni mashahidi. Kisiwa kidogo, mtuhumiwa ni ami au jirani, siku ya kesi familia haitokei.

#12 MamaTunu

Samahanini ndugu zangu kuingilia. Mtoto wa dada yangu ana miaka 15. Jambo limetokea juzi usiku. Leo ndiyo amesema. Tumeshamuogesha na nguo zimefuliwa na bibi yake. Sasa nasoma hapa nimeishiwa nguvu. Je, tumeshapoteza kesi? Tuanzie polisi au hospitali?

#13 Tabibu_Kijijini

MamaTunu acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi. Juzi usiku bado mko ndani ya saa 72, PEP inawezekana leo, msingoje kesho. Mwambie anayewapokea hivi: "Mtoto amebakwa, tunahitaji PEP." Wakikutaka PF3, mwambie mmoja wenu anaifuata polisi wakati mtoto anaanza dawa. Hospitali yenu ikiwa na kituo cha Mkono kwa Mkono, nendeni hapohapo.

Hamjapoteza kesi. Kuoga kunapunguza, hakufuti kila kitu. Majimaji ndani ya mwili yanaweza kuonekana hata siku kadhaa baadaye. Nguo iliyofuliwa usiitupe na usiifue tena, iache ikauke, iweke kwenye bahasha ya kaki. Godoro, shuka, kitambaa alichojifutia, simu yenye meseji za huyo mtu, vyote msiviguse ovyo. Na usimlaumu bibi mbele ya mtoto. Wala mtoto asiulizweulizwe na kila shangazi anayeingia. Mmoja tu anayemwamini akae naye.

#14 Afande_Mstaafu

MamaTunu mwanangu, mimi nilikuwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukifika kituoni omba Dawati, usisimulie kaunta mbele za watu. Una haki ya kuomba askari wa kike. Usiondoke bila namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha kituo) na jina la mpelelezi, viandike kwenye daftari lako. Ukikabidhi nguo, mwambie aandike kwenye hati ya kukabidhi na wewe usaini. Akikataa, piga namba 116, ni ya huduma kwa mtoto, bure.

Na kwa Tabibu: umetupiga na unastahili kutupiga. Nilifanya kazi kwenye wilaya yenye gari moja. Sampuli inasubiri gari, gari linasubiri mafuta, mafuta yanasubiri kibali. Wenzangu wengi walitoa nauli mfukoni kupanda basi na kasha mapajani. Hiyo ndiyo iliitwa usafirishaji wa vielelezo. Mkitaja siku kwenye kanuni, tajeni na fungu la safari, la sivyo mtamfunga askari kwa umaskini wa ofisi.

#15 Tabibu_Kijijini

Afande nimepokea. Siku bila bajeti ni maandishi tu. Iwe hivi: fungu la kusafirisha sampuli liwe na mstari wake kwenye bajeti, lisichanganywe na mafuta ya doria. Na hospitali za wilaya ziruhusiwe kutuma moja kwa moja ofisi ya kanda ya Mkemia kwa kasha lililofungwa kwa lakiri, polisi apewe hati ya kupokelewa. Kila mkono unaopungua ni mahali pamoja pungufu pa kupotezea.

#16 MamaTunu

Tumefika. Ameanza dawa, amepewa na ya kuzuia mimba. Daktari ni mama mtu mzima, ameongea naye vizuri sana, mtoto amekula. Sampuli wamechukua. RB ninayo.

Sasa jioni hii wamekuja wazee wawili wa upande wa kijana na mtu wa ofisi ya mtaa. Wanasema tuyamalize, watatoa ng'ombe na hela ya matibabu, maana ni majirani na kesi italeta uhasama. Shemeji yangu anayumba. Nimjibu nini?

#17 Wakili_Chipukizi

Mwambie shemeji yako hivi: kesi hii si mali yake kuiuza. Ni Jamhuri dhidi ya mtuhumiwa, familia ni mashahidi tu. Kwa mtoto wa miaka 15 hata suala la kuridhia halipo, na adhabu yake kwa mtu mzima si chini ya miaka 30. Kupokea kitu ili kosa kubwa la jinai lifichwe ni kosa lenyewe, anaweza kujikuta naye kizimbani. Na huyo wa ofisi ya mtaa mkumbushe Sheria ya Mtoto ya 2009: ofisi yake ndiyo inayotakiwa kupokea taarifa za mtoto aliyedhulumiwa na kuzishughulikia. Andika jina lake, tarehe na alichosema, mpe mpelelezi.

#18 Afande_Mstaafu

Usipokee hata soda yao. Mtoto leo alale kwako au kwa ndugu wa mbali na mtaa huo. Kesho asubuhi rudi Dawati, waambie kwamba mmefuatwa, waandike maelezo ya nyongeza. Hapohapo muulize mpelelezi: sampuli imeshatoka hospitali? Kaibeba nani? Akikujibu "tutakujulisha", mwombe jina.

#19 MamaTunu

Nimeandika yote. Asanteni sana. Kesho saa mbili nipo pale.

#20 Tabibu_Kijijini

Dozi ya PEP ni siku 28, asikatishe hata akijisikia kichefuchefu. Apewe na chakula kidogo. Na tarehe ya kurudi kliniki iandike kwenye daftari hilohilo, chini ya RB.